Daftari la Madeni la Seremala Wetu

Seremala aliyefunga karakana yake kijijini kwetu hakuondoka kimyakimya usiku, kama wanavyoondoka wengi walioshindwa na biashara. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi, akaketi barazani, akasema, "Mzee, nimekuja kukuaga. Na hiki nakuachia, ili watu wasije wakasema nimekula fedha za kikundi." Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kilichompa mkopo wa kununulia mashine ya randa na akiba yake ya kwanza ya mbao, na alikuwa amebakiza marejesho ya miezi kadhaa. Alichonikabidhi kilikuwa daftari la kawaida la mwanafunzi, jalada lake limepauka kwa vumbi la msasa, na kwenye pembe moja gundi ya mbao ilikuwa imekauka ikafanya ukoko.

Nilipolifungua nilikuta kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula, kwa mkono uliozoea kupima. Safu ya kwanza ilikuwa ya jina, ya pili ya kazi, ya tatu ya kiasi kilicholipwa, na ya nne ya ahadi. Katika safu ile ya nne mlikuwa na maneno ambayo kila mwanakijiji anayajua: "mwisho wa mwezi", "akiuza mazao", "mtoto akituma", "atapita mwenyewe". Kitanda cha jirani yangu kilikuwa kimelipiwa nusu. Meza ya kiongozi wa kamati mojawapo ilikuwa haijalipiwa kabisa. Na katika ukurasa wa kumi na moja nilikuta jina langu: mlango mmoja na fremu yake, bawaba tatu, kitasa, kilicholipwa, robo, ahadi, "mzee atamalizia". Mlango huo nilikuwa naufungua na kuufunga kila siku kwa zaidi ya mwaka mzima.

Tulikaa tukajumlisha, yeye akisoma na mimi nikiandika. Kiasi alichokuwa akitudai sisi wanakijiji kilikuwa kikubwa kuliko deni lote alilobakiza kwenye kikundi. Yaani fedha tulizomkopesha kwa mkono wa kulia tulikwisha kuzichukua kwa mkono wa kushoto, tukazigeuza vitanda, milango na viti, kisha tukakutana kwenye kikao cha kikundi tukamjadili kama mtu asiyejua kutunza fedha. Nakikumbuka vizuri kikao kile. Mimi ndiye niliyesema kwamba vijana wapewe semina ya biashara kabla ya kupewa mkopo.

Tangu siku hiyo nimekaa katika kamati nyingi zinazozungumzia namna ya kuwasaidia wajasiriamali wa vijijini, na kila mara majibu huwa yaleyale matatu: mtaji, mafunzo na soko. Sikatai hata moja. Lakini nimefika mahali pa kuamini kwamba msaada wa kwanza ambao kijiji kinaweza kumpa mtu wake aliyefungua biashara ni kununua kwake na kumlipa siku hiyohiyo, na kwamba mtaji na mafunzo yote yatakayomwagwa juu ya kijiji kisicholipa yatavuja kama maji kwenye pakacha.

Hatukuwa watu wabaya, na ni muhimu kulieleza hili ili msomaji asidhani ninazungumzia kijiji cha wadhulumaji. Mjini, mteja na fundi mara nyingi hawajuani, kwa hiyo fedha hubadilisha mikono kabla ya mzigo kuondoka na hakuna anayeona ubaya. Kijijini, fundi ni mpwa wako, au ni mtoto wa mtu mliyesoma naye, au ni yule kijana uliyekuwa ukimtuma dukani. Yeye kukudai kunaonekana utovu wa adabu, na wewe kumlipa kunaonekana hisani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi tulikuwa tumeifanya matanga hiyo iwe ya fundi peke yake. Tena kipato cha kijijini huja kwa misimu, ilhali muuza mbao, muuza vitambaa na muuza vyuma wanataka fedha zao papo hapo. Pengo la miezi kati ya msimu na msimu lilikuwa likizibwa na kijana mmoja mwenye msumeno na patasi, asiye na mtu wa kumzibia lake.

Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba kijiji hichohicho hakina uchoyo. Mtu akiugua, akifiwa, au nyumba yake ikiungua, kabla jua halijazama michango imekwisha kuanza kukusanywa na watu wamekwisha kugawana kazi. Aliyeanguka tunajua kumwinua. Anayepanda ndiye hatujui tumfanyie nini; tunasimama pembeni tukimtazama, na baadhi yetu, nalisema hili kwa uchungu, tunasubiri tuone kama atateleza.

Nililipa deni langu wiki ileile, kisha nikaanza kuzunguka na daftari. Sikulisoma hadharani wala kulibandika popote. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikaanza kila mazungumzo kwa kuonyesha ukurasa wa kumi na moja wenye jina langu na mstari niliouchora baada ya kulipa. Baadhi walilipa palepale, wengine walilipa kwa mafungu, wengine walinikasirikia na kuniuliza nimepewa na nani cheo cha kukusanya madeni ya watu. Yule seremala tulimtumia kilichopatikana baada ya kukata marejesho ya kikundi, lakini hakurudi. Alikuwa amekwisha kupata kibarua kwenye karakana ya mtu mwingine huko mjini, anakolipwa kila Jumamosi.

Afisa ushirika mstaafu aliyekuwa mlezi wa kikundi chetu ndiye aliyenisaidia kuona kwamba ugonjwa wetu haukuwa mpya. Alinisimulia habari za wafumaji na mafundi wengine, 28 kwa jumla, wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika Desemba 1844. Wengi huwakumbuka kwa sababu kanuni zao zilikuja kuwa msingi wa vyama vya ushirika duniani, lakini yeye alitaka nizingatie kanuni moja tu, ile ya kuuza na kununua kwa fedha taslimu. Watu wa mji huohuo walikuwa wamejaribu duka la ushirika miaka kama kumi kabla ya hapo, na mikopo kwa wateja ndiyo iliyoliua. Wale wafumaji na wenzao walikuwa maskini, na wateja wao walikuwa maskini wenzao, kwa hiyo kukataa kukopesha hakukuwa rahisi kwao hata kidogo. Walikataa kwa sababu walitaka duka liwepo mwaka unaofuata, na faida iliyopatikana wakawa wanairudisha kwa wanachama kulingana na kiasi ambacho kila mmoja alinunua.

Tulipolileta jambo hilo kwenye kikao, mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo naliona hadi leo kuwa ndilo lililotuokoa. Alisema, "Sasa mimi ambaye fedha yangu inakuja mara mbili kwa mwaka, nikivunjikiwa na kitanda katikati nilale chini?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Kanuni ya fedha taslimu ikisimama peke yake ingemfungia mlango mteja wa kijijini, na fundi angekosa kazi badala ya kukosa malipo. Tulijadili kwa muda mrefu, na tukakubaliana kwamba deni halitaondoka kijijini, ila litahama. Halitakaa tena kwenye karakana ya fundi. Litakaa kwenye sanduku la kikundi, ambalo liliundwa kwa kazi hiyo.

Vikundi vya namna yetu vina historia yake. Mfumo ambao leo unatambulika kwa sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa mikononi mwa watu watatu tofauti, hisa zikigongwa mhuri kwenye vitabu vidogo na fedha zote zikihesabiwa mbele ya wanachama, ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, kwa wanawake waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, kisha ukaenea sehemu nyingi za Afrika na nje yake. Nguvu yake iko katika mambo mawili: fedha ni za wanachama wenyewe, na mkopaji anajulikana na kila anayeketi kwenye duara lile. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya wa vijiji vya Ujerumani katika karne ya 19, alifikia hitimisho la jinsi hiyo kwa njia ndefu. Alianza na hisani ya matajiri wakati wa njaa ya mwaka 1846 na 1847, akaona kwamba hisani huisha pale moyo wa mfadhili unapochoka, na mwaka 1864 huko Heddesdorf akaanzisha chama cha mikopo ambacho wanakijiji wenyewe walidhaminiana.

Kwa hiyo kwetu utaratibu ukawa huu. Mwanachama anayetaka kitanda au mlango, na hana fedha, anaomba mkopo wa kikundi. Fedha hazipewi yeye. Zinapelekwa kwa fundi mbele ya mashahidi wawili, nusu kabla ya kazi kuanza na nusu siku ya kukabidhi. Mwanachama anabaki kudaiwa na kikundi, na wanaomdai ni watu ishirini na watatu walioketi mbele yake kila wiki, wala si kijana mmoja anayeona haya kubisha hodi kwa mjomba wake. Asiye mwanachama anatanguliza nusu kutoka mfukoni. Hili la kutanguliza nusu lilionekana dharau miezi ya mwanzo. Wazee wawili waliacha kabisa kuagiza kazi kwa mafundi wetu. Mmoja alirudi baadaye, na sikumuuliza sababu.

Katika kipindi hicho tulifanya pia makosa, na moja kati yao lilitugharimu sana. Tulipata msaada wa mashine ya kuchomelea vyuma kutoka kwa wafadhili waliotaka iwe mali ya kikundi cha vijana. Tulishangilia, tukapiga picha, tukaiweka kwenye chumba cha ofisi ya kijiji. Kwa kuwa ilikuwa ya wote, kila aliyeichukua aliitumia kwa kazi yake na kuirudisha bila kuifuta vumbi. Waya ulipokatika, kila mmoja alisema ulikatika mikononi mwa mwenzake. Na siku ilipoungua koili, fundi wa kuitengeneza alitaka malipo ambayo hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuyatoa. Ilikaa pale chumbani mpaka kutu ikaanza kula magurudumu yake.

Nilidhani wakati ule kwamba funzo lilikuwa kwamba mali ya pamoja haiwezekani. Baadaye nilikuja kufahamu kuhusu Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, ambaye sehemu kubwa ya utafiti wake ilihusu namna jamii zinavyotunza misitu, malisho, maji na maeneo ya uvuvi kwa pamoja bila kuviharibu. Alichokionyesha ni kwamba mali ya pamoja hudumu pale watumiaji wanapojulikana, kanuni zinapotungwa na watumiaji wenyewe, usimamizi unapofanywa na watu wanaowajibika kwao, na adhabu zinapoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Sisi hatukuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Tulikuwa na mashine na picha. Tulipopata fedha za kuitengeneza, tuliikodisha kwa kijana mmoja kwa ada ya kila wiki, akiwajibika kwa matengenezo, kwa makubaliano kwamba baada ya kutimiza ada za miaka miwili iwe yake. Aliitunza kama mboni ya jicho. Jioni alikuwa akiikunjia waya wake taratibu, duara juu ya duara, akiuchunguza kwa vidole kama umechubuka mahali.

Kosa letu jingine lilikuwa lile la semina. Tuliwaita vijana hamsini ukumbini, tukawafundisha siku tatu namna ya kuandika mchanganuo wa biashara, na mwezi mmoja baadaye hapakuwa na biashara hata moja mpya. Waliokuja walikuja kwa sababu waliitwa. Muitalia Ernesto Sirolli, aliyewahi kuona miradi ya misaada ikianguka barani Afrika katika miaka ya 1970, alijenga kazi yake ya baadaye juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa na semina yetu. Alipoanza huko Esperance, mji mdogo wa pwani Australia Magharibi, mwaka 1985, hakumshawishi mtu yeyote aanzishe chochote. Alijiweka tayari kumsikiliza aliyekuwa na shauku yake tayari, mahali ambapo mtu huyo alijisikia huru kuzungumza, kwa siri, kisha akamsaidia kupata maarifa na watu aliowakosa. Anasisitiza pia kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kwa ubora uleule kutengeneza bidhaa, kuiuza na kusimamia fedha zake, na kwamba biashara inayomtegemea mtu mmoja kwa yote matatu ina ufa tangu msingi.

Kauli hiyo niliielewa vizuri siku nilipoketi na dada mmoja mshonaji. Alikuwa ameacha kuja kwenye mikutano, nikamfuata kibarazani kwake kumjulia hali. Cherehani yake ya miguu ilikuwa imefunikwa kwa khanga, na aliniambia bila kuzungukazunguka, "Baba, kazi ninayo mpaka usiku, ila fedha siioni inakokwenda." Nilimwomba achukue gauni moja alilolimaliza tuhesabu pamoja. Akataja kitambaa. Nikamuuliza uzi. Akasita, akasema uzi hununua mara moja kwa gauni nyingi. Tukaugawa. Nikamuuliza zipu, vifungo, mafuta ya mashine, nauli ya kwenda kununua kitambaa, mkaa wa pasi. Kila tulichokitaja alikiandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye ubao wa meza yake, kwa herufi nzuri za mshonaji. Tulipofika kwenye siku mbili alizokaa mbele ya mashine, aliiweka chaki chini akatazama nje kwa muda. Gauni lile lilikuwa linamlipa chini ya gharama zake, na kila mteja aliyeongezeka alikuwa anamzamisha zaidi.

Hakuwa mjinga, alikuwa mshonaji hodari ambaye hakuna mtu aliyewahi kukaa naye saa moja kuhesabu gharama ya gauni moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumeusema msemo huo tangu utoto, lakini kuusema si kumshika mtu mkono wakati anajifunza kuandika safu ya kwanza. Tulimtafutia binti mmoja wa jirani aliyemaliza masomo ya uhasibu na alikuwa nyumbani bila kazi. Kila Ijumaa alasiri walikaa pamoja kwa saa mbili, na malipo yake yalikuwa kidogo pamoja na nguo mbili kwa mwaka. Baada ya muda binti huyo alikuwa akifanya kazi hiyo kwa biashara sita za kijijini, na hiyo ikawa biashara yake mwenyewe. Hakuna semina yetu iliyowahi kuzaa kitu cha namna hiyo.

Kupandisha bei lilikuwa jaribio jingine kwa dada yule, na hapa ndipo nilipoona jinsi jamii inavyoweza kusaidia kwa maneno tu. Wateja walinung'unika kwamba amejiona. Wanawake wa kikundi walikubaliana kwamba yeyote atakayesikia manung'uniko hayo atayajibu palepale kwa kueleza hesabu ya gauni, bila kungoja mwenyewe ajitetee. Sauti ya jirani ina uzito ambao tangazo lolote la biashara halina, na jirani huyo anaweza pia kuiua biashara kwa sentensi moja akiwa kisimani. Ndiyo maana tuliwekeana pia kanuni ya malalamiko: kazi ikiwa mbaya, fundi aambiwe yeye kwanza, usoni, na apewe nafasi ya kuirudia. Sipendi kabisa ununuzi wa huruma. Mlango usiofunga usinunuliwe eti kwa kuwa umetengenezwa na mtoto wa kijiji. Aonyeshwe mahali fremu ilipopinda, aje na timazi yake apime tena. Mafundi wetu wawili waliniambia kwamba walijifunza zaidi kutokana na kazi walizorudishiwa kuliko walizosifiwa.

Kuna mnunuzi mmoja mkubwa ambaye vijiji vingi humsahau, naye ni taasisi za umma zilizomo ndani yake: shule, zahanati, ofisi. Shule yetu ilikuwa ikinunua madawati kutoka mbali, yakija kwa lori kupita mbele ya karakana ya seremala wetu. Nilipokwenda kuuliza, nilitarajia kukuta dharau. Nilichokikuta ni masharti. Mzabuni alitakiwa kuwa na biashara iliyosajiliwa, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, stakabadhi halali, na uwezo wa kukabidhi madawati yote kwa tarehe moja. Mwalimu mkuu aliniambia angependa sana kununua jirani, ila wakaguzi wanapokuja yeye ndiye atakayeulizwa karatasi. Kamati ya shule ilikubali kugawa zabuni katika mafungu madogo, kama taratibu zilivyoruhusu, na sisi tukachukua kazi ya karatasi: tulichanga nauli, tukamteua mtu mmoja anayezijua ofisi, akawapeleka mafundi watatu kusajili biashara zao kwa safari moja badala ya kila mmoja kupotea peke yake kwenye korido. Fungu la kwanza lilichelewa kwa wiki mbili na tukaona aibu. La pili lilifika siku yake. Madawati yakivunjika sasa, anayeyatengeneza yuko umbali wa kutembea kwa miguu, na fedha aliyolipwa inaonekana kwa mshonaji na kwa mchomeleaji kabla haijatoka kijijini.

Ufanisi nao ulituletea tatizo letu la mwisho, ambalo sijapata dawa yake kamili. Kijana wa kuchomelea alipoanza kuonekana amenunua pikipiki, ndani ya mwaka mmoja wachomeleaji walikuwa wanne, wote wakitengeneza madirisha yaleyale kwa wateja walewale, wakishushiana bei mpaka wote wakawa wanafanya kazi kwa hasara. Kuigana si dhambi, na hakuna kamati yenye haki ya kumkataza mtu kufungua biashara halali. Kitu pekee kilichosaidia kidogo ni mazungumzo ya mapema. Sasa mtu akija kuomba mkopo wa kuanzisha biashara, tunamwomba atembelee kwanza wanaoifanya tayari na awaulize ni kazi gani wanazozikataa kwa kukosa vifaa au muda. Mmoja kati ya wale wanne alipata jibu kwamba hakuna aliyekuwa akipaka rangi madirisha ipasavyo, na baada ya mwezi kutu ilikuwa ikiyaharibu. Leo anapokea madirisha ya wenzake, anayasugua, anayapaka rangi ya kuzuia kutu, na hana mpinzani. Mwingine aliacha kazi hiyo. Sijui njia ya kumwokoa kila mtu.

Wanawake walikuwa na vikwazo ambavyo sisi wanaume wa kamati hatukuviona mpaka tulipoambiwa. Vikao vyetu vilikuwa jioni, saa ambayo wao wana watoto na maji ya kuchota. Dhamana tuliyoidai ilikuwa kiwanja au nyumba, na hati za viwanja zilikuwa na majina ya waume na kaka zao. Tulihamisha vikao vikawa alasiri na tukakubali dhamana ya wanachama wenzao watatu. Mambo hayo mawili, ambayo hayakugharimu chochote, yaliongeza waombaji wanawake kuliko wito wowote tuliowahi kuutangaza kwenye mikutano ya hadhara.

Karakana ya yule seremala ilikaa na kufuli kwa miaka miwili. Aliyeifungua tena ni kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye alipoondoka mwalimu wake alikuwa anajua kupiga randa na kukata mbao tu, na yaliyobaki akajifunza kwa kazi ndogondogo. Kikundi kilimkopesha mbao, wala hatukumpa fedha mkononi, naye alirudisha kabla ya muda. Mwezi uliopita nilikwenda kuagiza meza ya kusomea ya mjukuu wangu. Aliniamkia kwa heshima zote, akanipa kiti akakifuta vumbi, akachukua vipimo nilivyomtajia na kuviandika kwenye daftari jipya lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Kisha akasimama kimya, kalamu mkononi, macho yake yakiwa kwenye ukurasa, akasema kwa sauti ya chini lakini bila kutetereka, "Mzee, kwa kawaida tunaanza na nusu." Nilitoa nusu. Akaihesabu mbele yangu, akaandika, akanikatia stakabadhi, ndipo alipochukua penseli sikioni na kwenda kuchagua mbao.

Daftari la mwalimu wake bado liko kabatini kwangu. Mistari mingi nimekwisha kuikata. Saba imebaki.